Vijana wetu wa mieleka hapa Dodoma wanataka kujirekodi kama kipindi cha maisha halisi: tutapata watazamaji au tutawapoteza?

Mlezi wa Vijana, Chang'ombe ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu mliomo humu shikamooni.

Mimi ni mlezi wa kikundi cha vijana wanaofanya mieleka ya maonyesho hapa Dodoma, ile ambayo wengi wetu tuliifahamu kupitia televisheni ya Marekani, yenye mabingwa, maadui, mikanda na hadithi inayoendelea wiki hadi wiki. Ulingo wa kisasa hawana. Wanafanyia mazoezi kwenye magodoro yaliyoshonewa turubai, katika ua wa ukumbi ambao mwenye nao ametukubalia tuutumie bila kodi siku za katikati ya wiki. Wamekwisha kualikwa kwenye sherehe za shule na matamasha ya vijana, na kila walipocheza watu walishangilia kwa moyo. Wanajua kuanguka bila kuumia, wanajua kupokeana, na pambano lao wanalipanga kwa umakini ambao ninauheshimu sana.

Sasa kumezuka mjadala mkali kati yao. Wale wanaojua mambo ya kamera wanataka turekodi kila kitu, yaani mazoezi, ugomvi wao wa kweli, safari za kwenda kwenye maonyesho, maisha ya nyumbani, hata kikao cha kupanga nani atashinda, kisha tuviweke YouTube kama mfululizo. Hoja yao ni kwamba mtazamaji wa leo humpenda mtu kwanza, kazi yake baadaye. Wanamtaja Richard Bezuidenhout aliyeshinda Big Brother Africa mwaka 2007 na Idris Sultan aliyeshinda mwaka 2014, Watanzania wawili waliofahamika bara zima kwa kuishi tu mbele ya kamera. Wengine wanapinga vikali. Wanasema mtu akishamwona adui wa ulingoni akinywa chai na stelingi huku wakielekezana namna ya kuangushana, hatakuwa tena na sababu ya kulipa kiingilio.

Ninaomba wanaoufahamu mchezo huu wanisaidie. Huko ulikokomaa, vipindi vya maisha halisi viliwaongeza watazamaji wa mieleka au viliwapunguza? Waliokuja kwa njia hiyo walibaki? Swali hili hujibiwa kwa jazba, kila mtu akitetea enzi alizoanza kutazama yeye, kwa hiyo ninaomba tupeane mifano. Kuna jambo jingine linalonisumbua: mmoja wa mabinti katika kikundi, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye kipaji kuliko wote, hataki kamera ifike nyumbani kwao, na wenzake wameanza kumwona kama kikwazo.

---

Mtazamaji wa Siku Nyingi, Area C amejibu:

Kaka mlezi, asante kwa kuleta jambo hili. Nimeifuatilia mieleka ya Marekani tangu enzi za kanda za video, na ninaomba nianze na jambo ambalo mara nyingi hupotoshwa. Siri ya ulingo haikuvujishwa na vipindi vya maisha halisi. Wenye mchezo waliivujisha wenyewe mapema zaidi. Mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon, iliyokuwa bado ikiitwa WWF na leo inaitwa WWE, ililieleza Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani na haipaswi kuhesabiwa kama mashindano, kwa kuwa ilitaka kuondokana na usimamizi na tozo za kamisheni ya michezo ya jimbo hilo. Watazamaji hawakukimbia. Tarehe 19 Mei 1996, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Shawn Michaels, Triple H, Kevin Nash na Scott Hall walikumbatiana ulingoni mbele ya umati, ingawa katika hadithi walikuwa pande zinazohasimiana, kwa sababu Nash na Hall walikuwa wanahamia WCW, kampuni pinzani ya mieleka, na wenzao walitaka kuwaaga. Triple H aliadhibiwa kwa kitendo kile. Watazamaji bado hawakukimbia.

Kilichofuata ndicho ninachotaka vijana wako wakitafakari zaidi. Tarehe 9 Novemba 1997, mjini Montreal, Bret Hart alinyang'anywa ubingwa kwa njama ambayo hakuijua: Shawn Michaels alimkamata kwa mtego wa miguu, na kengele ikapigwa kabla Hart hajasalimu amri. Ikatokea kwamba kipindi hicho Hart alikuwa akifuatwa na watengenezaji wa filamu kuhusu maisha yake, hivyo sehemu kubwa ya mkasa ule ikanaswa na kamera na dunia ikauona. McMahon angeweza kujaribu kuufukia. Badala yake aliichukua chuki ya kweli ambayo watu walikuwa nayo dhidi yake akaipandisha ulingoni, akawa bosi dhalimu, na ugomvi wa bosi huyo na mwanamieleka Steve Austin ukawa hadithi kubwa ya miaka iliyofuata. Tarehe 10 Mei 1999 kipindi cha kampuni hiyo cha kila wiki, Raw, kilifikia kiwango cha 8.1 cha utazamaji nchini Marekani, ambacho hakijafikiwa tena hadi leo. Ukweli wa nyuma ya pazia uliingizwa ndani ya pambano, na watu wakazidi kuja.

Baada ya hapo ndipo vikaja vipindi vya maisha halisi vyenyewe. Juni 2001 MTV ilianza kuonyesha Tough Enough, ambacho kiliwachukua watu wa kawaida, kikawaweka nyumba moja na kuwafundisha mieleka huku wakipunguzwa hadi wakabaki washindi wawili, Maven Huffman na Nidia Guenard. Watu waliona jinsi kuanguka chali kunavyouma hata kama kumepangwa. Ukiniuliza mimi, kipindi kile kiliuongezea mchezo heshima, maana aliyekuwa akisema "hawa wanadanganya tu" alimwona kijana akishindwa kuamka baada ya zoezi la siku moja.

Ila tazameni walivyomtumia Maven baadaye. Januari 2002, katika Royal Rumble, pambano la watu wengi ambapo anayetupwa nje ya ulingo anahesabiwa ameondolewa, kijana huyu asiye na jina alimrukia The Undertaker, nyota mkubwa aliyeigiza mtu asiyekufa, kwa teke la mgongoni wakati amewageukia wengine, akamtoa ulingoni. Ukumbi mzima ulilipuka. The Undertaker akasimama chini akimtazama kama mtu asiyeamini, akarudi, akamtoa nje, akampiga katikati ya watu hadi kwenye korido za kuuzia vyakula na kumtia kichwa kwenye mashine ya bisi. Dakika zile chache ziliwapa watazamaji wa MTV sababu ya kuijali Raw na watazamaji wa Raw sababu ya kumjua kijana wa MTV. Kipindi kilimtambulisha, na ulingo ukampa cha kukumbukwa.

Hasara ilitoka upande ambao wengi hawauangalii. Januari 2005 kituo cha Spike, ambacho ndicho kilichokuwa kikirusha Raw, kiliweka mara baada ya Raw kipindi cha The Ultimate Fighter cha UFC, kampuni ya mapigano ya kweli. Wapiganaji wa mapigano ya kweli waliishi nyumba moja, wakagombana, wakafahamika kwa majina na tabia, halafu wakapigana bila matokeo kupangwa. UFC iligharamia kipindi hicho yenyewe kwa takribani dola milioni 10, ikitaka watazamaji wa mieleka wasiondoke kwenye viti vyao. Tarehe 9 Aprili 2005 Forrest Griffin na Stephan Bonnar walipigana fainali ambayo hadi leo inatajwa kuwa ndiyo iliyoiokoa UFC. Kwa hiyo kama kuna kipindi cha maisha halisi kilichoigusa hadhira ya mieleka kwa ubaya, ni hiki, na chenyewe hakikuwa cha mieleka. Kiliwapa watu mambo waliyoyapenda kwenye mieleka, yaani uhasama, majigambo na mtu wa kumshangilia, kisha kikawaongezea matokeo yasiyopangwa.

---

Dada wa Saluni, Makole amejibu:

Kaka mlezi, pole na majukumu. Mtangulizi wangu ameeleza vizuri, lakini amezungumzia mapambano ya wanaume peke yake, na mimi ninaamini kwamba hadhira iliyobadilishwa zaidi na vipindi hivi ni ya wanawake.

Total Divas kilianza tarehe 28 Julai 2013 kwenye kituo cha E!, kituo cha habari za watu maarufu ambacho mpenzi wa mieleka wa kawaida hakuwa na shughuli nacho. Walioonyeshwa ni wanamieleka wa kike wa WWE: pacha Nikki na Brie Bella, Natalya, Naomi na wenzao, wakiwa kwenye mahusiano yao, ndoa zao, majeraha yao na maneno yao na mabosi. Hapa saluni tulikuwa na kawaida ya kukitazama, na ninakumbuka mteja mmoja, mama mtu mzima, amekaa chini ya draya, akiniuliza kwa sauti ya juu kwa sababu ya mlio wa ile mashine kama shingo ya Nikki imepona. Alikuwa amefuatilia habari ya upasuaji wa shingo aliofanyiwa Nikki Januari 2016 kuliko nilivyofuatilia mimi. Hakujua hata kidogo jinsi pambano linavyoshindwa. Hakujua kuhesabiwa hadi tatu maana yake nini. Lakini nilipomwambia kwamba Nikki amerudi ulingoni mwezi Agosti, alitaka kuona pambano lenyewe, akasogeza kiti.

Mama huyu ni mtazamaji mpya wa mieleka ambaye wanaume wa vibanda umiza wasingempata kwa miaka kumi. Swali ni je, alipofika mlangoni alikuta nini ndani?

Kwa muda mrefu alikuta karibu hakuna kitu, na hili linaniuma mpaka leo. Total Divas kikiwa hewani, na wanawake hawa wakiwa na kipindi kizima kinachobebwa na majina yao, Raw ya tarehe 23 Februari 2015 iliwapa pacha wa Bella, Paige na Emma pambano la takribani sekunde 30. Nusu dakika kwa wanawake wanne. Mashabiki walichukia, wakajaza Twitter malalamiko wakidai wanawake wapewe nafasi, na kampuni haikuweza kujifanya haijasikia. Tarehe 3 Aprili 2016, kwenye WrestleMania 32, onyesho kubwa kuliko yote la WWE kwa mwaka, jina la "divas" walilokuwa wakiitwa wanawake liliondolewa na mkanda mpya wa wanawake ukatwaliwa na Charlotte. Tarehe 7 Aprili 2019 Becky Lynch, Ronda Rousey na Charlotte Flair walifunga WrestleMania, pambano la mwisho la usiku, nafasi ambayo wanawake hawakuwahi kupewa kabla ya hapo. Sisemi kwamba Total Divas ndicho kilicholeta yote hayo, kwa sababu wanawake waliokuja na ufundi mkubwa wa ulingoni ndio waliobeba mzigo. Ninachosema ni kwamba kipindi kilithibitisha kuwa watu wapo wanaotaka kuwajua wanawake hawa, na baada ya hapo visingizio vikapungua.

Kuna hatari nayo, kaka, na uitazame vizuri. Maisha ya mtu yakishakuwa ndiyo hadithi, ulingo unakosa usukani. Mwaka 2017 mwanamieleka The Miz na mkewe Maryse waliwakejeli nyota John Cena na mpenzi wake Nikki kwa kuigiza kipindi chao cha Total Bellas, na uhasama huo ukaishia WrestleMania 33, tarehe 2 Aprili, ambapo Cena na Nikki walishinda na Cena akapiga goti ulingoni akamvisha Nikki pete. Kwa siku ile ilikuwa kazi safi: kipindi, kejeli, pambano na pete, vyote vimefungamana. Mwaka uliofuata wakaachana. Hakuna mwandishi wa hadithi za mieleka aliyelipanga hilo, na hakuna pambano lingeweza kulimaliza. Watazamaji waliokuwa wamekuja kwa ajili ya mapenzi yao walibaki na habari za magazeti tu.

Kuhusu binti asiyetaka kamera nyumbani kwao, ninawaomba wenzake wamwache. Hapa kwetu msichana kuonekana akibebwa na kuangushwa na wavulana ni jambo ambalo familia nyingi zinahitaji muda wa kulielewa. Huenda ametoka mbali sana kuwafanya wazazi wakubali afanye mazoezi tu.

---

Mzee wa Kibanda, Mpwapwa amejibu:

Wanangu, marahaba kwa walionisalimu. Mimi nimeonyesha mieleka kwenye kibanda kwa miaka mingi, kwanza kwa kanda, baadaye kwa sidii, sasa kwa king'amuzi, na ninawafahamu watazamaji kwa kuwatazama nyuso zao wakiwa wanatazama. Nina maoni tofauti kidogo na waliotangulia.

Mtu anayelipa kuja kukaa kwenye benchi langu anajua kwamba matokeo yamepangwa. Tusimdharau. Mkulima aliyetoka kuuza mahindi Kibaigwa hawezi kudanganyika kwamba mtu amepigwa kiti mara saba na bado yu hai kwa bahati. Anachokinunua ni kuruhusiwa kusahau kwa saa mbili. Taa zikizimwa na ile kengele ya The Undertaker ikilia, nimeona watu wazima wakinyamaza na watoto wakijibanza kwa baba zao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mtu huyo kweli hafi. Kwa miaka mingi The Undertaker aliishi hivyo hata nje ya ulingo: hakuwa mtu wa kufanyiwa mahojiano ya kawaida wala kuonekana akichekacheka mbele ya kamera. Alipoamua kufungua maisha yake kwa filamu ndefu ya vipindi mwaka 2020 alikuwa amekaribia kabisa kustaafu, na watu walipokea kwa heshima kubwa kwa sababu alikuwa amewapa kitu cha kusubiri kwa miaka thelathini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na vijana wa kamera. WWE ina uwezo wa kuonyesha chumba cha waandishi wake. Mwaka 2025 imefanya hivyo kwenye Netflix, kwa kipindi cha WWE: Unreal, kinachoonyesha hadi Triple H, ambaye sasa ni mmoja wa viongozi wa kampuni, na wenzake wakipanga nani ashinde na kwa nini. Wanaweza, kwa sababu watu wamekwisha kuwaamini kwa vizazi viwili au vitatu, na anayetazama Unreal anafurahia kuona jinsi kitu alichokipenda utotoni kinavyotengenezwa. Kikundi cha Dodoma bado hakijaaminiwa na mtu. Ukimwonyesha mtazamaji jiko kabla hajaonja chakula, kitakachomvutia kuja mezani ni nini?

Mwanangu mlezi, waonyeshe mazoezi, jasho na maumivu, maana hayo ndiyo yanayomfanya mtu amheshimu mwanamieleka. Kikao cha nani atashinda kifungeni. Na msisahau watoto. Mimi nimewahi kusimamisha mkanda katikati kwa sababu watoto wawili walikuwa wakibebana nje ya kibanda ili waangushane kwenye sakafu ya saruji. WWE yenyewe haichoki kuwaonya watazamaji wasijaribu nyumbani. Mkionyesha mbinu kwa karibu, mtoto ataona jinsi inavyofanywa lakini hataona miezi ya mazoezi iliyo nyuma yake.

---

Mpiga Picha wa Matukio, Singida amejibu:

Shikamoo mzee wangu wa Mpwapwa, na salaam kwa wengine. Kuhusu kikao cha matokeo ninakubaliana na mzee kabisa. Ila ningependa tusiende Marekani kila mara, kwa sababu mfano mzuri kuliko yote tunao hapahapa nyumbani, nao ni wa ndondi.

Karim Mandonga wa Morogoro hakuwa bingwa wa dunia alipoanza kuzungumzwa nchi nzima mwaka 2022. Kilichomtangulia ni mdomo wake, majigambo yake na namna alivyoipa kila ngumi jina. Julai mwaka huo alipigwa na Shaban Kaoneka mjini Songea, na kwa hesabu ya kawaida ya ndondi hapo ndipo umaarufu ungekwisha. Haukwisha, ulikua. Watu walikuwa wamemjua Mandonga mtu, wakataka kujua atasema nini baada ya kupigwa. Januari 2023 alikwenda Nairobi akamshinda Daniel Wanyonyi, na jina la ngumi yake ya "Sugunyo" likawa mdomoni mwa watoto wa Tanzania na Kenya. Simu za waandishi na wapita njia ndizo zilizokuwa kipindi chake cha maisha halisi, bila nyumba ya kukaa wala mtangazaji.

Lakini angalieni: kila alichokisema Mandonga mbele ya kamera kilihusu pambano linalokuja. Nani nitampiga, kwa ngumi gani, ataanguka vipi. Mtazamaji hakuweza kufurahia maneno yake bila kutaka kuona siku yenyewe. Hilo ndilo ninalolikosa kwenye vipindi vingi vinavyotengenezwa na vikundi vyetu vya sanaa. Wanarekodi ugomvi wa nani amekula hela ya nauli, watu wanatazama, wanacheka, wanatoa maoni, halafu siku ya onyesho ukumbi uko tupu, kwa sababu ugomvi ule ulianza na kuisha kwenye simu na haukumdai mtu aende popote.

The Miz ni mfano wa namna hiyohiyo kwa upande wa Marekani. Alianzia kwenye kipindi cha MTV cha vijana wanaoishi nyumba moja mwaka 2001, akaingia Tough Enough mwaka 2004 na kushika nafasi ya pili nyuma ya Daniel Puder. Alipoingia WWE wenzake walimdharau. Ameeleza mwenyewe jinsi alivyofukuzwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo kwa sababu ya makombo ya kuku juu ya begi la mtu mwingine, akabadilishia nguo kwingine kwa miezi. Mashabiki nao walimwona mtu wa televisheni aliyeruka foleni. Yeye akaichukua dharau hiyo, akaifanya ndiyo tabia ya adui anayejisikia kuliko anavyostahili, akaiishi kila wiki ulingoni. Novemba 2010 akatwaa ubingwa wa WWE kwa Randy Orton, na Aprili 2011 akafunga WrestleMania dhidi ya John Cena na kutoka bado bingwa. Watazamaji wa MTV hawakumfikisha hapo. Alifikishwa na miaka ya kujifunza kuwachukiza watu kila wiki.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kikazi, kaka mlezi, ni kwamba kila kipande mnachokirekodi kiwe na pambano mbele yake. Kijana akigombana kweli na mwenzake juu ya nafasi, rekodini, lakini mtazamaji aishie pale ambapo jibu litapatikana kwenye ukumbi, tarehe fulani, saa fulani. Kama hamna tarehe ya onyesho, kaeni na kamera kabatini mpaka muwe nayo. Halafu kabla hamjaweka chochote hadharani, ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu masharti ya maudhui ya mtandaoni, na kikundi kiandikishwe kwa Msajili wa vyama vya michezo kupitia ofisi ya utamaduni na michezo ya jiji, maana mkishaanza kutoza kiingilio kwa watu wengi mtaulizwa.

---

Mlezi wa Vijana, Chang'ombe amerudi:

Mzee wangu, dada, na kaka zangu, nimewasomea vijana majibu yenu yote jana jioni baada ya mazoezi. Hoja ya mzee kwamba hatujaaminiwa bado iliwanyamazisha hata waliokuwa wakali zaidi, na habari ya Maven na mashine ya bisi waliirudia mara kadhaa. Wamekubaliana kwamba kikao cha matokeo hakitarekodiwa.

Limebaki jambo moja ambalo hawajakubaliana. Mpiga picha wetu anasema kama binti hataki kuonyeshwa nyumbani, basi asionyeshwe kabisa, kwa sababu watazamaji watauliza mbona huyu hana historia kama wengine.

---

Dada wa Saluni, Makole amejibu:

Kaka, mwambie mpiga picha wako asimwondoe. Mwonyesheni kwenye godoro tu. Aingie wa kwanza mazoezini, ajifunge nywele, aanguke, ainuke, arudie, na asiseme neno mbele ya kamera mpaka siku ya onyesho. Wengine wote watakuwa wamezungumza sana juu ya nafsi zao, na katika kipindi chenye maneno mengi, anayenyamaza ndiye watu watakayemuulizia. Wakimuulizia, mnalo jibu moja tu la kuwapa, nalo ni siku na ukumbi atakaocheza.

Na mkipanga tarehe, iandikeni hapa. Mimi nitakuja na wateja wangu, na yule mama wa draya nitampigia simu mwenyewe.

---

Mzee wa Kibanda, Mpwapwa amejibu:

Dada amenena. Mwanangu mlezi, mkikosa benchi za siku hiyo nitawaazima za kwangu. Gari la kuzileta Dodoma ndilo mtakalolitafuta nyinyi.